Shangazi, riwaya ya mzuka imetuvurugia kikundi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ndiye ninayesimamia kikundi kidogo cha wasomaji. Kila mwezi tunachagua kitabu, kila mtu anakisoma kwake, kisha tunakutana kukijadili. Tumesoma mengi pamoja bila ugomvi, hata vitabu vya siasa ambavyo nilihofia vingetugombanisha. Kilichokuja kutuvuruga ni riwaya ya upelelezi yenye mzuka ndani yake. Jina lake sitalitaja, maana lazima nikueleze siri yake ndipo uielewe shida yangu, na sipendi kuwaharibia utamu wasomaji wako ambao hawajaisoma.

Riwaya yenyewe inakwenda kwa nyakati mbili. Sura moja ni ya leo, inayofuata ni ya miaka ya 1930, hivyo hivyo hadi mwisho. Katika sura za leo, mwanamke aliyefiwa na bibi yake amerithi nyumba kubwa ya zamani na amehamia humo peke yake. Usiku anasikia cherehani ikilia chumba cha juu, na chumba hicho hakina cherehani. Katika sura za zamani kuna msichana mshonaji anayefanya kazi katika nyumba hiyohiyo. Siku moja anatoweka, na wenye nyumba wanatangaza kwamba ametoroka na fedha zao. Mwishoni yule mwanamke wa leo anafumua pindo la gauni kuukuu la mtoto alilolikuta sandukuni, na ndani yake mna barua ya msichana. Alikuwa amedai mshahara wake, akatishiwa. Aliyemuua ni bwana wa nyumba. Gauni lilikuwa la binti wa bwana huyo, na binti huyo ndiye bibi aliyeacha urithi.

Siku ya mjadala tuligawanyika. Wapo waliosema mzuka ni wa kweli kabisa: mwanamke yule analitamka jina la msichana kabla hajaifungua barua, angelijuaje? Wengine wakasema hakuna mzuka, ni majonzi na upweke tu. Wao walishika sentensi moja ya mwanzoni inayosema kwamba alipokuwa na miaka mitatu aliwahi kulelewa na bibi katika nyumba ile, basi jina alilisikia huko. Sauti zikapanda. Katikati ya kelele dada mmoja, ambaye mwaka huu amefiwa na mdogo wake, akasema taratibu kwamba yeye anamwelewa yule mwanamke, kwa sababu jioni bado anasikia ndala za mdogo wake zikipita ukumbini. Kaka mmoja wa upande wa pili akamkatiza: "Haya, na cherehani je, huisikii?" Watu wakacheka. Dada akafunga kitabu, akachukua mkoba wake, akaondoka. Tangu siku hiyo hajibu ujumbe wa kikundi.

Si hilo tu. Mama mmoja mtu wa dini amesema hatasoma tena vitabu vya mizuka, kwamba ni kuyaalika mambo yasiyoalikwa. Kaka mwingine alikiri kwamba aliruka sura zote za zamani kwa sababu zilimchelewesha, na bado alitaka kutufundisha wote maana ya kitabu. Na kuna aliyefungua kurasa za mwisho kwanza, akamtaja muuaji kwenye kundi letu la simu siku kadhaa kabla hatujakutana.

Sasa wanataka mkutano ujao tupige kura, mzuka yupo au hayupo, tufunge mjadala. Nifanye hivyo? Niachane na vitabu vya aina hii? Na huyu dada nimrudisheje?

Msimamizi wa Kikundi


Marahaba mwanangu,

Nianze na dada, maana kitabu kinaweza kusubiri, yeye hawezi. Mwendee. Ujumbe kwenye kundi la simu hautoshi, kwa sababu kundi ndilo lililomcheka. Nenda peke yako, usiende na ujumbe wa watu watano waliovaa nyuso za msiba. Ukifika usimuulize kama kweli anasikia ndala, wala usimwambie kwamba unaamini au huamini. Muulize habari za mdogo wake. Alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa anacheka vipi, waliwahi kugombana kwa jambo gani la kipuuzi. Nakuhakikishia, tangu mazishi yaishe ni wachache waliomuuliza hayo. Watu humuuliza mfiwa anaendeleaje, na mfiwa hujibu salama, mazungumzo yakaishia hapo.

Na ujue alichokisema mbele yenu si cha ajabu hata kidogo. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alichapisha katika jarida la British Medical Journal matokeo ya mahojiano yake na wajane 227 na wagane 66. Karibu nusu yao walimwambia kwamba baada ya kufiwa waliwahi kuhisi mwenzi wao yupo. Baadhi walimwona, baadhi walisikia sauti yake. Hawakuwa wagonjwa wa akili. Na wengi wao walikuwa hawajawahi kumwambia mtu yeyote mpaka daktari alipowauliza. Baadhi walinyamaza wakihofia kuchekwa. Dada yenu alithubutu kusema, na kilichompata ndicho hicho walichokuwa wakikihofia baadhi ya wale wa Wales.

Huyo kaka aliyemkatiza naye aende, lakini siku nyingine, na kwa hiari yake. Aseme, "Nilikucheka, nisamehe," kisha anyamaze. Asianze kueleza kwamba ulikuwa utani, kwamba mjadala ulikuwa umepamba moto, kwamba hakujua. Kila neno analoongeza linamrudishia mfiwa mzigo wa kumfariji yeye. Kama hataki kwenda, usimlazimishe, ila mwambie waziwazi kwamba kwenye kikundi unachokisimamia mtu hachekwi kwa ajili ya maiti wake. Sema mbele ya wote, maana wote walicheka.

Sasa tuje kwenye kitabu, ambacho nimekitambua kwa maelezo yako. Kura usipige. Wasomaji wamebishana juu ya mizuka ya aina hii kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1898 Henry James alitoa The Turn of the Screw, kisa cha mlezi wa watoto anayewaona watumishi wawili waliokwisha kufa. Kwa muda mrefu wasomaji wengi waliisoma kama hadithi ya mizuka ya kweli. Mwaka 1934 mhakiki Edmund Wilson akaandika kwamba mizuka ile imo kichwani mwa mlezi mwenyewe. Ubishi uliofuata haujaisha hadi leo, na hautaisha, kwa sababu James aliacha ushahidi pande zote mbili. Mwandishi wenu amefanya vivyo hivyo. Aliweka jina linalotamkwa kabla ya barua, kisha akaweka ile sentensi moja ya mtoto wa miaka mitatu. Angetaka tuamini mzuka moja kwa moja, asingeiandika sentensi ile. Angetaka tuukatae, angetuonyesha bibi akilitaja jina mbele ya mtoto. Hakufanya lolote kati ya hayo. Basi mkipiga kura mtakuwa mnafunga mlango ambao yeye ameuacha wazi kwa jasho lake.

Zipo riwaya ambazo kura ingefaa, na kwa Kiswahili tunazo. Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960, anaanza na maiti iliyokutwa kwenye mzimu, mahali pa matambiko panapoogopwa. Kisha anamleta mpelelezi, Bwana Msa, ambaye hashughulishwi na hofu ya watu; yeye anafuata vielelezo mpaka anampata binadamu aliyeua. Pale mwandishi anataka hukumu na anaitoa. Kitabu chenu nacho kimetoa hukumu juu ya mauaji: tunajua nani aliua na kwa nini. Kuhusu cherehani ya usiku hakikutoa, na tofauti hiyo ingefaa kujadiliwa kuliko kura. Kwa nini kosa la jinai limepata jibu kamili, na sauti ya juu darini haikupata?

Lakini kuna jambo ambalo naona kikundi kizima kimelipita, na ndilo ninalotaka ulipeleke mkutano ujao. Mmebishana kama msichana yule yupo au hayupo. Nusu ya kitabu anaishi. Katika sura za zamani hakuna mzuka hata mmoja. Kuna msichana anayeamka mapema, anayechomwa na sindano, anayepima kitambaa kwa mkono wake kwa sababu utepe wa kupimia umefungiwa kabatini. Ana njaa. Ana hasira. Anampenda yule mtoto wa nyumba na anamchukia baba yake. Ukirudi kwenye sura za leo, mtu huyo mzima amebaki kelele tu juu ya dari. Hiyo ndiyo kazi ya kuandika kwa nyakati mbili, na ndiyo sababu haitoshi kuiita kisengerenyuma. Kisengerenyuma kingeturudisha nyuma kidogo ili tuelewe ya leo, kisha kituachie. Hapa wakati wa zamani una haki sawa na wa leo, sura kwa sura, na msichana anapewa kurasa nyingi kama anazopewa anayemwogopa.

Ndiyo maana kaka aliyeruka sura za zamani hakusoma kitabu hiki. Simsemi vibaya, huenda alikuwa na haraka, na kweli sura zile zinakwenda polepole. Lakini yeye amekutana na mzuka pasipo kukutana na mtu. Mpe kazi ya heshima: azisome sura za zamani peke yake, mfululizo, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kisha awe wa kwanza kuzungumza. Atagundua ni hadithi kamili ya kijakazi aliyedhulumiwa mshahara, haina tone la mambo ya kutisha ya usiku. Kinachotisha mle ni daftari la hesabu la bwana wa nyumba.

Kwa hao wengine, chagueni mahali pamoja tu ambapo nyakati mbili zinagusana, mpasome kwa sauti. Mimi ningechagua uzi wenye mafundo. Umo katika riwaya yako ingawa hukuutaja kwenye barua. Kitabu nakijua, na nimekisoma kwa mapenzi. Kila mwezi unaopita bila malipo msichana anafunga fundo kwenye uzi mweusi, kwa sababu hathubutu kuandika deni lake mahali bwana anapoweza kuliona. Sura chache baadaye, katika wakati wa leo, mrithi anasafisha droo, anakuta uzi mweusi uliojaa mafundo, anajaribu kuunyoosha, anashindwa, anautupa. Mwandishi haongezi neno. Msomaji ndiye anayeumia, kwa kuwa yeye peke yake amekuwa katika nyakati zote mbili. Msichana hajui kwamba uzi utatupwa, mrithi hajui kwamba ametupa hati ya madai. Usiku huohuo cherehani inalia kwa mara ya kwanza.

Waulizeni wale wa upande wa majonzi: mwanamke huyu anamlilia nani, kama hakuna mzuka? Wakisema bibi, wamegusa kiini. Bibi alikuwa mtoto wa nyumba ile. Alilihifadhi gauni lisilomtosha maisha yake yote, na hakulifumua pindo wala hakulitupa. Je, alijua kuna barua? Nadhani alijua, au alijua vya kutosha kutotaka kujua. Nyumba aliyoirithisha ilikuja na ukimya wake. Na waulizeni wa upande wa mzuka: msichana anataka nini? Mzuka wa baba yake Hamlet, kwa Shakespeare, unakuja na madai yake mdomoni, unataka kisasi. Askari wa zamu wanauona, lakini baadaye chumbani kwa malkia ni Hamlet peke yake anayeuona, mama yake anatazama palepale haoni kitu. Msichana wenu hadai kisasi. Muuaji amekufa zamani, hakuna wa kumshtaki. Anadai alichokuwa akidai alipokuwa hai: mshahara wake, na isisemwe kwamba aliiba. Ukiwafikisha hapo, utaona kambi mbili zimeanza kusoma kurasa zilezile. Awe ni mzuka au ni dhamiri ya familia, mrithi anadaiwa kilekile.

Mimi binafsi napenda kuamini kwamba cherehani ililia kweli. Sina ushahidi kuliko wenzako. Ila sitaki mtu alazimishwe kuniunga mkono, na wewe kama msimamizi usiseme uko upande gani mpaka wote wamalize.

Kuhusu kumrudisha dada kwenye mjadala: usimwambie kwamba kitabu kinamhusu. Akija, asikilize tu kama anapenda. Na usiruhusu mtu amtumie kama mfano, hata kwa nia njema, wa "wanaosikia". Yeye alizungumza habari za mdogo wake, hakuwa akitoa hoja juu ya riwaya. Mlichofanya siku ile ni kumchukua marehemu wake aliyekuwa na jina na ndala, mkamgeuza swali la yupo au hayupo. Akiona safari hii mnazungumza juu ya msichana wa kitabu kama mtu aliyeishi, aliyechoka, aliyependa, huenda akaona mahali pa kuketi.

Mama mtu wa dini mheshimu. Hana haja ya kushindwa kwa hoja. Mweleze mapema kitabu kijacho kina nini, naye aamue. Mwezi asiosoma aje tu kusikiliza, au apumzike. Lakini asiwachagulie wengine. Halafu mwonyeshe, ukipata nafasi, kwamba kilichomo katika kitabu hiki ni ujira wa mfanyakazi uliozuiliwa na mauaji yaliyofichwa, mambo ambayo dini yake ina maneno makali juu yake. Anaweza kuwa na mengi ya kuwafundisha hapo.

Aliyemtaja muuaji kabla ya wakati, mwambieni asirudie, yaishe. Wekeni utaratibu kwamba kwenye simu mnazungumzia sura mlizokubaliana tu. Kitabu hiki kwa bahati hakikuharibika sana, kwa sababu karibu kila msomaji anamshuku bwana wa nyumba tangu mapema. Siri yenyewe ni bibi, na huyo hakumtaja.

Na vitabu vya aina hii usiviache. Ila panga tofauti: kitabu chenye msiba ndani yake, wape watu nafasi mwanzoni mwa mkutano, kabla ya hoja, kila mmoja aseme kwa sentensi moja kimemgusa wapi, na asijibiwe. Ndipo mjadala uanze. Siku ile dada angekuwa na sentensi yake hiyo, na ingepita salama.

Mwendee wiki hii. Mchukulie jina la kitabu kijacho, na kama hamjachagua, mwombe achague yeye. Kisha niandikie.

Shangazi yako